Kopa la Halidi

Picha ya Ndege, Kibaha

Kaka yangu mpendwa Mwishehe,

Jibu la lile swali lako ni ndiyo, ndoa ni tamu. Uliniuliza Jumapili, simu ikakatika kabla sijafungua mdomo, nami sikutaka ukae ukidhani nimenyamaza kwa mashaka. Shikamoo, kaka. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje na mvua hizi? Nawe je, na mikorosho ya nyuma ya nyumba? Sisi huku ni wazima, na barua hii nimempa Bi Biubwa mkononi maana anarudi Chole kesho.

Shemeji yako Zahoro anakusalimu sana. Kaka, huyu mwanaume sijui Mungu alimtoa wapi. Akirudi kazini ananiita ua la mkorosho, na chai ya asubuhi anaipika yeye, tangawizi nyingi hadi machozi yanatutoka, nasi tunacheka. Bado anakumbuka ulivyomtania siku ya harusi kwamba amevaa kanzu ya kuvukia mto. Ameniomba nikuambie kwamba kanzu haikuwa fupi, miguu ndiyo mirefu.

Katika raha yote hii kuna jambo moja limenichosha mpaka nimekonda, nalo ni akaunti ya marehemu Halidi.

Unajua mama alivyonituma. Bi Biubwa alikuwa akimwonyesha kwenye simu yake kwamba Halidi ana taa ya kijani, yaani yupo mtandaoni. Mama akaja kuniuliza, mtoto wake amemzika mwenyewe hapo Chole, huko kwenye simu bado anafanya nini. Hakulia. Alisema tu kwamba wewe una shamba, mimi nimesoma hadi kidato cha nne, basi nikaifunge ile akaunti mwanawe alale.

Nikadhani ni kazi ya siku moja. Kaka, kampuni ile haina mlango wa kugonga wala mtu wa kumwamkia. Niliwaandikia, ikajibu mashine. Wakataka cheti cha kifo, nikapiga picha nikatuma. Wakasema jina la kwenye cheti silo la kwenye akaunti. Ni kweli, kwa sababu Halidi alijiandikisha Halidi Korosho, jina la kijiweni, na mimi nitawaelezaje watu wa ng'ambo habari za kijiwe cha Chole? Nikaeleza. Mashine ikanijibu, “Habari Halidi, tumefurahi kukuona tena.” Siku hiyo niliunguza wali, na Zahoro wangu akaula wote akisema mimi napika vizuri.

Yeye ndiye aliyeshauri tupite mlango wa uani, wa wale waliosahau neno la siri. Huko wakasema kama mimi ndiye Halidi kweli, nitazame kamera, nigeuze uso kushoto, kisha kulia. Tukachukua picha ya kitambulisho cha marehemu, Zahoro akaishika mbele ya simu akawa anaizungusha taratibu kama kinyozi anayemwonyesha mteja kisogo. Wakakataa. Nikaweka uso wangu, maana watu husema tumefanana. Wakakataa pia. Hapo nililia, si kwa uchungu wa msiba, ni kwa hasira tupu.

Nikarudi kwenye lile ombi la kwanza, nikalituma upya na barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba Halidi Korosho na Halidi wa kwenye cheti ni mtu mmoja. Safari hii wakalipokea. Haikupita wiki, ukaja ujumbe: “Ombi hili limefutwa na mwenye akaunti.” Zahoro aliposoma hivyo aliweka kikombe chini akaanza kuisomea simu Ayatul Kursi. Nikatuma tena, likafutwa tena, nikatuma la tatu. Nikawaambia watu wote kwamba kuna mwizi kaingia humo, nikamtukana huyo mwizi matusi ambayo bibi harusi hatakiwi kuyajua.

Halafu nikaliona kopa. Kwenye picha yangu ya harusi, ile niliyoinamisha uso na Zahoro ananitazama, kuna kopa jekundu na jina la Halidi Korosho. Kaka, sitakudanganya. Nilijua amekufa, nilimwona sandani kabla hamjamchukua, lakini nilikaa kitandani na simu kifuani nikawaza kwamba kumbe amekuja. Maana aliniahidi kwamba siku yangu hatakosa.

Jioni ile ile ukaingia ujumbe kutoka kwake: “Raudha hachana nayo.”

Hachana. Nikaanza kucheka, Zahoro akadhani nimerukwa na akili. Halidi asingeandika hachana hata kwa kulazimishwa. Wewe ndiye uliyechapwa na mwalimu kwa sababu ya hilo neno, na Halidi ndiye aliyekuwa akikusahihishia hadi mmekuwa watu wazima. Ndipo nikakumbuka ile kamera, kushoto kisha kulia. Nimehangaika na picha ya kitambulisho, kumbe uso wenyewe upo Chole, unalima. Mlitoka tumbo moja siku moja, naye mama mwenyewe huwa anawachanganya akiwaita kwa nyuma. Walipokutazama wakamwona yeye, wakakufungulia.

Sina hasira nawe, kaka. Ile hasira yote niliyomwekea mwizi imeniishia mkononi. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu sijui tena nikiandika atasoma Mwishehe au Halidi. Ombi nimeliondoa mwenyewe leo. Lakini mama anaiona ile taa ya kijani na hajui ni wewe. Anadhani mwanawe hajapumzika. Hilo siwezi kumwambia mimi, na usimwachie Bi Biubwa alibahatishe.

Msalimie mama, umwambie ua la mkorosho linampenda. Lile kopa usilitoe. Mimi na Zahoro tutakuja Chole kabla mwezi huu haujaisha, tukae naye, wewe ushike simu. Akisema ibaki, itabaki. Akisema ifungwe, utageuza uso kushoto, kisha kulia, nami nitakuwa nimekushika mkono.

Mdogo wenu,
Raudha