Nyama ya Kiboko Aliyemuua Franck

Jumatano, tarehe 8 mwezi wa tano, 2024

Noella, anayefundisha wamama kusoma pa kanisa, anasema tuandike kidogo kila siku, mukono usisahau. Minye shule sikuingia hata siku moja. Basi naandika.

Leo réunion, mukutano pa kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, hapa Rugenge. Juu ya kiboko. Ruhusa imefika ya kumuua, huyo mumoja tu, aliyemuua mutoto wangu Franck. Franck alikwenda kuosha pikipiki pa ziwa. Maji imepanda, viboko viko vinalala karibu na nyumba zetu. Pikipiki ilibaki imesimama. Yeye hapana.

Chef akaniuliza: Mama Franck, weye unasema nini? Bado wananiita hivyo. Nilisimama. Nikasema: mumuue. Nikakaa.

Bantu wakapiga kelele — auawe! auawe! Félicien, jirani yangu, aliinua mikono yote miwili kama muntu anayeokoka.

Térence, muwindaji wa Nyakabere, hakupiga kelele. Alisema hakuna atakayemulipa, malipo yake ni nyama. Je, tutainunua? Tukasema ndiyo. Hata minye nilisema ndiyo. Siku hizi kinywa kinasema, minye nasikiliza tu.

Agnès, muke wa Franck, alipika bugali. Nilikula. Sikulia hata leo.

Ijumaa, tarehe 10

Wamemuua!

Térence alimupiga mukuki wenye kamba na kipande cha muti kinachoelea, ndiyo wanajua anakimbilia wapi. Lakini kiboko hakukimbia. Aligeuka. Pirogue, mutumbwi wao, ikapinduka. Wenzake walimumaliza kiboko, Térence walimutoa na muguu umevunjika mara mbili. Iko hospitali.

Nilienda kuangalia ile nyama pa muchanga. Nilifikiri nitasikia hasira. Nilisikia jua tu, pa shingo. Mujukuu wangu Délice alinishika mukono: Koko, ni huyu? Ni huyu. Akasema: iko na macho madogo. Ndiyo. Madogo.

Jumamosi, tarehe 11

Generose, muke wa Térence, alikausha nyama pa moshi, akakaa nayo sokoni tangu asubuhi. Hakuna aliyenunua. Hakuna!

Najua sababu. Wawindaji wa Ruzizi wako na desturi yao: kiboko akiua muntu, naye akauawa, nyumba ya musiba inapika kwanza. Wengine wanangoja moshi wa nyumba ile. Moshi usipotoka, nani atakula kitu ambacho mama ya marehemu amekataa?

Na nyumba ya musiba ni yangu.

Nilimwambia Agnès tununue kidogo. Akaweka chini ndoo. Akasema kwao Lubarika iko kinyume: munyama aliyeua mume wako, ukimula, umekula mume wako. Nikasema kiboko anakula majani, binti yangu, hakumula Franck.

— Najua anakula nini, Mama. Minye sisemi mambo ya tumbo.

Akasema nikileta ile nyama, yeye anarudi kwao. Na watoto. Hakupandisha sauti. Muntu anayepandisha sauti unaweza kumubembeleza.

Jumapili, tarehe 12

Kanisa. Niliimba. Nyama bado iko.

Jumatatu, tarehe 13

Generose alikuja kwangu. Alikataa kiti, akakaa chini, beseni pembeni. Uso wa muntu asiyelala. Anasema hospitali wanangoja wapewe pesa ndipo watengeneze muguu. Muguu umeanza kunuka.

— Mama Franck, weye ulisimama ukasema mumuue. Térence hakumujua Franck.

Agnès alikuwa pa mulango, akasema mbio: tumupe kile tuko nacho, bure, lakini nyama abaki nayo. Kumbe mutoto wa watu aliwaza! Wazo nzuri. Nilishaanza kufungua fundo la kikwembe nilipofunga pesa.

Generose akarudisha mukono wangu. Polepole, kama unavyorudisha mukono wa mutoto.

— Sikuja kuomba. Mukinipa bure, kesho watasema Térence alivunjika juu ya ujinga wake, na wenye huruma wakamusaidia. Yeye si muombaji. Alifanya kazi mulimutuma. Nunua ao useme hununui.

Félicien alikuwa anasikiliza pa lupango, nyuma ya uzio, kama kawaida yake. Akasema mama, achana nayo, ile nyama inaleta upele, na yeye anapenda wawindaji sana, anawaheshimu, lakini kupenda na kula ni mambo mawili.

Hapo kinywa kilifunguka chenyewe. Nikamwambia: Félicien, pale kwa chef uliinua mikono miwili. Leo hata mumoja wa kupokea nyama hauna? Wamekata? Weye unapenda wawindaji kama mbwa anavyopenda harusi, anabweka tu, hachezi!

Alicheka. Generose pia, kidogo, halafu akafunika uso na kitenge, na hakikuwa kicheko tena.

Nilisema nitamujibu kesho. Kesho! Kama muguu wa muntu iko na kesho nyingi.

Agnès alifua nguo zote za watoto, hata zenye hazikuchafuka.

Jumanne, tarehe 14

Nimenunua.

Niliamka nikiwaza hivi. Agnès nampenda kuliko wale niliowazaa. Aliingia hapa musichana mwenye aibu, hakutaka hata kuomba maji. Akienda na watoto, hii nyumba ni mabati tu. Lakini neno "mumuue" lilitoka pa kinywa hiki, si cha Félicien. Nikikataa kula, nilimutuma mume wa muntu kwenye kifo bure. Ningekuwa na uchungu, labda uchungu ungenichagulia. Hakuna. Nabonyeza kifua, ni kama kubonyeza ukuta.

Nilimwambia Agnès mbele ya Generose, nisiseme nyuma. Hauko lazima ule, binti yangu. Watoto pia hapana. Minye peke yangu. Agnès aliingia ndani kufunga mizigo.

Sufuria iko pa moto, nje, ili moshi uonekane. Generose amekaa na beseni. Pa lupango bantu wanaongezeka, wanajifanya wanasalimiana. Félicien ameuliza kama inachukua muda mrefu kuiva. Nikamwambia: ngoja, bwana, muguu wa Térence pia unangoja.

Naandika ili mikono ipate kazi.

Agnès ametoka. Mufuko pa kichwa, mutoto wa mwisho mugongoni, Délice anamufuata na viatu vya shule mukononi. Amepita mbele yangu. Barabara iko kushoto — hajaenda kushoto. Amesimama pa moto. Amefunua sufuria, mvuke umemupiga usoni, hakurudi nyuma.

Anaangalia ndani. Mufuko bado iko pa kichwa.

Anauliza, bila kuniangalia, kama niliweka chumvi.

Sikuweka.