Marehemu Ameacha Watoto Wanne

Alhamisi, Novemba. Biharamulo.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na haraka. Nimerudi kutoka Nyarubungo nikiwa na tope hadi magotini na sina hamu ya kupika. Nimechemsha chai, nimewasha kompyuta. Nina uchungu, na nimekaa nao tangu wiki iliyopita bila kuuandika, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mama tulimzika Jumamosi, kijijini kwetu Keza.

Wanaosoma hapa siku nyingi wanajua kwamba kazi yangu ni habari. Kijijini kwetu kazi hiyo ilinizalia nyingine isiyo na mshahara: kuandika wasifu wa marehemu. Kila penye msiba nilipigiwa simu. Nimeandika wasifu wa wakulima, wa walimu, na wa mlevi mmoja ambaye familia yake ilitaka aitwe mfanyabiashara. Mpangilio naujua: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kazi, ugonjwa, kifo, watoto aliowaacha, wajukuu. Sentensi ya watoto ndiyo watu huisubiri. Hapo hata waliokuwa wanasinzia huinua vichwa.

Wa Mama niliuandika Ijumaa mchana, nimeketi kwenye kitanda chake. Nilijua sitausoma mimi. Niliacha kanisa miaka mingi iliyopita, na kwa utaratibu wa kanisa letu asiye mshirika hasimami mbele ya waombolezaji. Sikubishana. Karatasi nilimpa mdogo wangu Eliya, ambaye ni mzee wa kanisa huko Rulenge anakoishi, naye akampa Bwana Zakaria, mwenyekiti wa jumuiya alimokuwa akisali Mama.

Chini ya turubai pia sikukaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Huko hukaa watu ambao msiba unawahitaji lakini ibada haiwahitaji. Alikuwepo Mama Sifa, mke wa pili wa jirani yetu, ambaye ndoa yake kanisa haiitambui. Walikuwepo wanawake wawili wa familia za Kisukuma zilizohamia bondeni na ng'ombe wao. Alikuwepo Mama Rehema, Mwislamu pekee wa upande ule. Nikapewa kisu na mkungu wa ndizi.

Kipaza sauti kilisikika mpaka huko bila shida. Bwana Zakaria alisoma vizuri, bila kukimbia. Alisoma maneno yangu kama nilivyoyaandika, mpaka mwisho wa ukurasa. "Marehemu ameacha watoto wanne, wote wanasali, na wajukuu kumi na wawili."

Sisi ni watano. Mimi ndiye wa kwanza.

Nilidhani amekosea kusoma. Kisha nikapiga hesabu ya wajukuu. Ili wafike kumi na wawili ni lazima wanangu wawili wawe ndani. Kwa hiyo wanangu walihesabiwa. Wamezaliwa na nani, wasifu haukusema.

"Wanne?" Mama Sifa aliuliza. "Mbona mimi nawajua watano?"

"Labda mmoja alikufa, hatukuambiwa," alisema mmoja wa wale wanawake wa bondeni.

"Nani?"

"Si huyu hapa." Akaninyooshea kidole cheusi kwa utomvu wa ndizi.

"Kumbe ndizi zetu zinamenywa na mzimu," Mama Sifa akasema. "Mzimu, ongeza kasi, maji yanachemka."

Tulicheka. Nilicheka kweli, na Mama Rehema alinikanda mgongo kwa kiwiko chake kwa sababu viganja vyake vilikuwa na unga. Nataka liandikwe hapa kwamba siku ya kumzika mama yangu, mahali pekee nilipofarijiwa ni pale mafigani, na walionifariji hawakuruhusiwa kuingia ndani, au hawakutaka.

Baada ya chakula nilimfuata Bwana Zakaria.

"Pole sana, Dada Adela," aliniwahi.

"Asante. Umesoma wanne."

"Ndiyo."

"Niliandika watano."

"Niliona." Hakukwepa macho. "Wasifu wetu husema 'wote wanasali'. Ningesema watano wote wanasali, ningedanganya mbele ya jeneza. Ningesema watano, mmoja ameacha, ningekuaibisha mbele ya watu. Tumekustiri, dada yangu."

"Ungeondoa hilo neno 'wanasali'."

"Hilo haliondolewi."

Alilisema kwa upole. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa Bwana Zakaria. Angekuwa mkatili ningejua la kumfanya. Nimehoji wakatili wengi. Huyu alikuwa amebeba maji ya kuoshea vyombo vya msiba wetu tangu alfajiri.

Eliya alikuwa amesimama pembeni, anaangalia viatu vyake.

"Dada, mimi niliulizwa," alisema.

"Ukajibu nini?"

"Nikasema wafanye wanavyoona inafaa."

"Mimi nilikuwa wapi wakati unaulizwa?"

"Dada, usilete mahojiano kwenye msiba."

Nikaita pikipiki.

Watu hupenda kusikia kwamba nilitoka kanisani kwa kishindo. Haikuwa hivyo. Nilitumwa kijiji kimoja kuripoti habari ya daraja lililobomoka, nikakuta watu wanazika mtoto mchanga bila sala, kwa sababu wazazi wake hawakuwa wakihudhuria jumuiya. Baba yake alisema maneno mawili matatu mwenyewe, kwa Kihangaza, akashindwa kuendelea. Mwenyekiti wa jumuiya yao alikuwepo, alishika koleo, alichimba. Alichimba kaburi lakini hakufungua mdomo. Niliripoti daraja. Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani, na iliyofuata pia, na hakuna aliyekuja kuniuliza mpaka michango ya paa ilipoanza.

Mama hakuniuliza kabisa. Alisema tu, "Usiposali wewe, nitakusalia mimi." Akaendelea kufanya hivyo kila siku, kwa sauti, jina langu likiwa la kwanza. Nilikuwa nikilala kwake naisikia ile sala kupitia ukutani. Sikuiamini, na sikutaka ikome.

Sasa imekoma, na hilo ndilo nililokwenda nalo Nyarubungo leo.

Nimewahi kuandika kidogo juu ya kikao chetu cha Alhamisi. Tunakutana alasiri kwa Masanja, mfugaji aliyehamia Nyarubungo kutoka Shinyanga. Masanja hajawahi kuwa na dini ya kitabu. Uani kwake kuna kijumba cha nyasi cha wazee wake waliotangulia, na kabla hatujakaa huwamwagia unga wa mtama uliokorogwa na maji. Bi Zuhura, mjane anayeshona nguo hapa mjini, huswali alasiri yake kwenye kona ya banda kisha anajiunga nasi. Mwalimu Festo alikuwa kiongozi wa kwaya, akatoka kanisani kwa ugomvi ambao hapendi kuueleza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza. Tunakaa kimya kwa muda, tunazungumza yaliyotusumbua juma zima, tunakula matobolwa ya mke wa Masanja, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tunaondoka. Hakuna mwenyekiti. Nilikuwa najivunia jambo hilo kuliko nilivyokubali.

Leo waliponipa pole niliwaambia ya Keza, yote, kama nilivyoyaandika hapo juu. Bi Zuhura aliuliza nani alipika wali. Kisha nikaomba kitu ambacho sijawahi kuomba pale. Niliomba tumsalie Mama kwa namna yake, kwa maneno yake ya kila siku, ambayo nayajua kwa kuyasikia ukutani. Nilisema mimi mwenyewe siamini, lakini sitaki sala ile ife kwa sababu aliyekuwa akiisali amekufa.

"Hapana," Festo alisema.

Nilidhani anatania.

"Hapana, Adela. Hapa hatusali za kanisani. Tulitoka huko ili tusizisikie tena."

"Ni dakika chache tu, Mwalimu," Bi Zuhura alisema.

"Zinaanza dakika chache. Kesho mtaniambia nipige pambio."

"Sauti yenyewe umebaki nayo?" Bi Zuhura akamuuliza. "Maana ya kukohoa tunaisikia."

Masanja alicheka, Festo hakucheka. Aliniambia kwamba walionifuta nisirudi kuwapigia magoti. Alisema kama bado nahitaji sala za mama basi sijatoka kanisani, na nisijidanganye, na nisiwadanganye wenzangu. Aliuliza, mbele ya wote, mimi hasa niko upande gani.

Nimeulizwa maswali mabaya zaidi na watu wenye madaraka makubwa zaidi. Lakini hili nilikuwa nimelisikia Jumamosi kwa kinywa kingine.

"Mwalimu," Masanja alisema taratibu, "mimi nikimwaga unga wangu pale, wewe huwa unaamini?"

"Siamini."

"Umewahi kunizuia?"

"Ile ni mila yako. Haijaniumiza."

"Kwa hiyo kinachozuiwa hapa ni kilichokuumiza wewe." Hakupandisha sauti. Alikuwa anamega tobolwa. Mimi huniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu amefiwa. Hili ni boma langu. Mayu, msalie mama yako."

Festo alisimama, akachukua koti lake la mvua, akatoka. Tulisikia baiskeli yake ikigonga lango la miti.

Nilisali. Sikufika mwisho. Mahali ambapo Mama hutaja majina ya watoto wake nilitaja langu, kisha nikakwama, kwa sababu linalofuata ni la Eliya. Bi Zuhura na Masanja waliinamisha vichwa na kungoja. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyenihimiza. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda la ndama. Nikasema basi, tukala.

Sikuhisi amani. Wapo watakaoandika kwenye maoni hapo chini kwamba Mama alikuwa ananisikiliza. Msiandike.

Nilichohisi ni kwamba nimechoka na watu waliojaa uhakika, walio ndani na waliotoka. Nilipoacha kanisa nilidhani naacha pia zile sentensi zisizoondolewa neno. Kumbe mtu anaweza kutoka nazo mfukoni, kama Festo, akatafuta mahali pengine pa kuzitundika. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi kama mimi nami ninazo. Nadhani ninazo. Sijajua bado ni zipi.

Jioni hii nimepata ujumbe kutoka kwa Festo. Anasema hatarudi kwa Masanja mpaka nichague, na kama nikichagua sala, basi yeye atatafuta wengine. Bi Zuhura amepiga simu, naye amepata ujumbe kama huo. "Mwache aende," amesema. "Anatuchafulia Alhamisi yetu. Tubaki wanaoelewana."

Ni wazo jepesi, na Festo amelistahili. Nilikaa nalo kama nusu kikombe cha chai. Tungebaki watatu. Kisha siku moja mmoja wetu atasema jambo ambalo wawili hawalipendi.

Nimemwandikia: "Mwalimu, sichagui. Njoo Alhamisi. Nikisali, kaa nje kama utapenda, nitakuita chakula kikiwa tayari." Nilisoma tena kabla ya kutuma, kama ninavyosoma habari. Hakuna upendo ndani yake. Kwa sasa simpendi. Nimeutuma hivyo hivyo, kwa sababu najua kukaa nje kulivyo, na najua pia kuwa chakula kinapikwa huko.

Ameusoma. Hajajibu.

Eliya naye ameandika tangu Jumatatu. Anauliza kama nilifika salama, na kama nitakwenda Keza siku ya kuanua matanga. Ujumbe wake ni mpole kuliko wa Festo, na kosa lake, ukilipima kwa haki, ni la mtu mwoga tu, si la mtu mbaya. Nimeufungua mara kadhaa leo. Nimeandika "Nimefika," nikafuta.

Sitamjibu usiku huu. Nilikuwa na uvumilivu kidogo, nao leo umetosha mtu mmoja.