Kitenge Pembeni mwa Picha

Makoko, Musoma
24 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Boke,

Habari za huko Songea? Baridi mnaivumilia? Kifua chako kimepona? Na Gloria alifika bila homa? Sisi huku ni wazima, goti langu tu ndilo linanisumbua. Mungu anatutunza.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Wewe unaongeaga na simu sauti ikiwa nje, na haya siwezi kuyasema mume wako akisikia. Mwandiko usiucheke, darasa la nne ni la nne.

Boke, nimemkosea mume wako. Tangu yeye na mjukuu wangu Gloria waondoke Jumamosi, chakula hakinipiti.

Alivyomleta Gloria kunisalimia, Prosper alisema atatupeleka Butiama tukaone makumbusho na kaburi la Mwalimu. Nimezeeka hapa Musoma na sijawahi kufika, nikafurahi kama mtoto. Tulipanga kaka yako Mseti aende nasi, akae mbele na mkwe, maneno yangu ayapeleke yeye. Asubuhi Mseti akapiga simu, mzigo wake umeingia dukani Nyasho, haji. Hapo ningesema tuahirishe. Lakini Gloria alishavaa viatu, na mimi nilishafunga kile kitenge changu cha bluu. Tamaa yangu ndiyo iliyoniponza.

Unajua kwetu mama hamtazami mkwe usoni, wala hali naye, wala hamgusi. Ni heshima. Mumeo si wa huku, nami nilidhani kuna mtu alishamweleza. Angemweleza baba yako, lakini alitutoka kabla ya harusi yenu. Mimi mwenyewe ningeanzaje, na kumweleza ndiko kumtazama?

Basi akanifungulia mlango wa mbele wa gari alilokodi. "Mama, kaa huku uone njia." Nikamwambia Gloria, "Mwambie baba yako, bibi nyuma panamtosha." Siku nzima nikaongea kwa mdomo wa mtoto. Kule makumbusho nilitamani kumuuliza hiki ni nini, kile ni cha nani, maana maandishi yale yeye anayasoma haraka. Nikapita tu.

Tulipopanda mawe makubwa ya pale, goti likakataa. Akaninyooshea mkono. "Shika, mama." Nikarudi nyuma, nikajifunika uso, nusura nidondoke. Mkono wake ukabaki hewani, Boke. Hata sasa nauona.

Mchana akanunua ugali na sato. Nikabeba sahani yangu nikaenda kula nyuma ya gari. Gloria akanifuata: "Bibi, baba amekukosea nini?" Nikamwambia hamna kitu, kula samaki. Akasema, "Basi ongea naye mwenyewe, mimi nimechoka kutumwa."

Kesho yake pale stendi ya basi aliinama akasema, "Mama, kama nimekukosea, nisamehe." Nami nikatazama chini, nikampa Gloria mfuko wa dagaa. Yaani amesafiri njia yote hiyo akijua mama mkwe anamchukia.

Mseti nilipomsimulia alicheka. "Ulijificha kama kuku kaona mwewe. Wenzako siku hizi wanakula na wakwe zao meza moja." Labda. Mimi mama yangu alinifundisha hivyo, na siku ile yote nilidhani namheshimu.

Picha ya pale getini Butiama bila shaka ameshakuonyesha. Alimpa mlinzi simu, akatuita wote watatu. Hiyo ncha ya bluu pembeni ni mimi, nakimbia.

Mweleze, mwanangu, kwa upole wako. Akishakusikiliza, mpe na karatasi hii aisome. Kwenye karatasi hatutazamani, kwa hiyo hapo chini nimemwandikia mwenyewe.

Shangazi yako Selestina wa Bunda anakusalimu sana, na Mseti na mkewe. Mpelekee mama yake Prosper salamu zangu, akisikia haya asiniwekee moyoni. Mungu aikalie nyumba yenu, asiondoke humo.

Mama yako akupendaye siku zote,
Nyangi

Prosper baba, hukunikosea kitu. Mkono wako niliuona. Mwakani njoo tupige picha tena. Nitasimama upande wa Gloria, sikimbii.