Mara Saba Nilizopanda Mlima

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekata mabua shambani Magamba tangu asubuhi. Mgongo unauma. Jioni Shangazi Kalunde ameniita. Magoti yake yamekwisha. Miaka yote yeye ndiye anaongoza ukoo kupanda mlima wa mizimu baada ya mavuno. Sasa anataka mrithi. Atakayefika juu na kurudi na maji ya kisima cha kule, njia ni yake. Asipopatikana, wataacha nyasi ziifunike. Nikamwambia asihangaike, mimi nimefika juu mara saba.

Humu naandika ukweli. Niliishia jiwe la kuingilia. Mara moja. Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti
Zena, binti wa dada yangu, atakwenda na mimi awe shahidi. Mwalimu huyu, mdomo hauna breki. Nimemsimulia nilivyomshika chui mkia kule juu. Akauliza nilimshika kwa mkono gani. Dharau.

Alhamisi, 7 Agosti
Jana bodaboda mpaka kijiji cha chini ya mlima, tukalala kwa ndugu. Leo alfajiri tumeanza. Kwenye jiwe unavua viatu, unamwaga unga, unataja kwa sauti umekuja mara ya ngapi. Mizimu haipendi kudanganywa. Nikasema ya nane. Imetoka yenyewe, mazoea.

Tumetembea tangu asubuhi. Miiba, mawe, mbung'o. Njia ikapotea. Saa tisa tukatokea kwenye jiwe lile lile. Unga wangu upo, siafu wanaula.

Zena akakaa chini. "Mjomba, hizo mara saba zote ulikuwa unazungukia hapa?"

Nina hasira na nafsi yangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Miguu imevimba. Zena anataka turudi nyumbani. Nimekataa. Nitapanda, hata kwa kutambaa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwaga unga. Mdomo mzito kama nimeng'atwa na nyuki. Nikasema, "Mimi Sizya. Sijawahi kupita hapa. Hii ni ya kwanza."

Zena hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Basi siri imeshatoka, naogopa nini tena? Nikatafuta mtandao, nikampigia Shangazi, nikamuuliza njia.

"Tangu Jumatatu nangoja uulize," akasema.

Tufuate korongo kavu, tusiliache hata likipinda. Tumelifuata. Mara mbili nilitaka kukaa, sikukaa. Saa nane tulikuwa juu. Kisima kipo, katikati ya mwamba. Nimeingia, nimejaza kibuyu. Nimelia kidogo, Zena akageukia upande mwingine.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumbani. Shangazi amepakaa maji yale magotini. Amewaambia ndugu kwamba mwakani nitawaongoza mimi.

Walipoondoka akaniuliza maji ya kisima yalinifika wapi. Kifuani, nilitamani sana kusema kifuani.

Nikasema ukweli: kwenye kifundo cha mguu.

Akafumba macho, akalala.