Breki ya Lori Lisilo na Dereva

Ushetu, Kahama
14 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Sostenes,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo huko Mtwara? Kile kikohozi chako kimepona? Sisi huku wazima, na uzima huo ndio ulionishikisha kalamu.

Nilikueleza kuwa mgodi jirani ungejaribu malori yanayojiendesha yenyewe, kwenye barabara inayokatiza njia ya ng'ombe wetu. Mkutano wa kutoa maoni ulikuwa na kelele kama mnada. Vijana waliyataka, madereva waliyakataa. Mimi nikasema ulivyonielekeza wewe uliyezoea mitambo ya bandarini: kanuni ilazimishe kila lori liwe na mtu ndani, mguu karibu na breki. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lori lisilo na dereva, halafu liwe na dereva! Hata mume wangu Mihayo alitazama pembeni kwa aibu. Lakini kamati iliyokusanya maoni iliandika, na kanuni ikapita.

Jumanne ya wiki iliyopita Mihayo alifika barabarani na ng'ombe, lori likaja. Akainua fimbo kama alivyozoea, na kweli likasimama. Basi akatoka njiani kwenda kuwaswaga ng'ombe. Dereva yeyote wa huku anajua kuwa mchungaji akifanya hivyo kundi linafuata, kwa hiyo anasubiri. Lori liliona njia nyeupe, likaondoka. Mihayo naye alikuwa ameshaingia tena barabarani, ameligeuzia mgongo, anavuta ndama mkaidi.

Eunice, binti aliyekaa ndani, alikanyaga breki. Nilikwenda kupima mwenyewe: hatua mbili tu kati ya lori na mgongo wake.

Sostenes, leo ningekuwa mjane. Namkorogea uji huku machozi yananitoka, yeye anadhani ni moshi. Asante, mdogo wangu. Asante kwa kunivumilia na maswali yangu yote yale.

Juzi, kwenye mkutano mwingine, mgodi uliomba yule mtu wa breki aondolewe majaribio yakiisha. Hakuna aliyekubali. Walionicheka ndio walionyoosha mikono kwanza kupinga, nami nikawatazama mmoja mmoja, Mungu anisamehe.

Majirani zetu, Mama Vumilia na Selestine, wanakusalimu sana. Nibusie watoto. Mungu akutunze kama ulivyonitunzia nyumba yangu.

Dada yako akupendaye daima,
Melania

Mihayo, ambaye hajawahi kuandika barua, ameninyang'anya kalamu:

Shemeji, nipo.