Baba Mkwe na Namba za DNS

Shosti Feride, uko hapo? Usicheke. Baba mkwe kanifokea mbele ya ukoo mzima, chai hata haijapoa.

Kisa ni DNS, zile namba zinazoielekeza intaneti njia ya kufika kwenye tovuti. Unakumbuka wiki iliyopita intaneti yetu ilikuwa haifungui tovuti hata moja? Nikaweka kwenye ruta namba za DNS ya bure, si ya kampuni inayotuuzia intaneti, kila kitu kikafunguka. Leo Okan, mume wangu na mdomo wake huo, karopoka kwenye kifungua kinywa.

Na baba mkwe, mzee Rıfat, kaifanyia kazi kampuni hiyo miaka thelathini na moja. Akarudisha zeituni kwenye sahani. "Binti, nyaya za mtaa huu nimezilaza kwa mikono yangu. Wewe unakwenda kuuliza njia kwa majirani?"

Kwa majirani, Feride.

Nikamwambia, "Baba, nyaya zako bado nazitumia. Niliyemwacha ni yule anayeshindwa kunielekeza njia."

Okan anatazama jibini.

Mzee akaamuru, "Rudisha kama ilivyokuwa." Nikarudisha palepale, wote wanaona.

Haikupita saa, mzee akataka kucheza tavla yake ya mtandaoni, ule mchezo wa dadu. Haifunguki. Kazima simu, kawasha. Haifunguki.

Kanifuata jikoni, sauti ya chini: "Nurcan, mwanangu, zile namba..."

Mwanangu, eti. Nimemwambia namba ninazo, ila aje aniulize mezani, palepale aliponifokea.

Ngoja. Nasikia kiti kinavutwa. Anawaita wote warudi wakae.