Asubuhi Viazi Vilipoungua kwa Baridi

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Tukuyu hatujambo, bibi yako anakusalimu. Picha zako za nchi ya barafu nimezitazama mpaka chai ikapoa. Unauliza kwa nini wenyeji wa huko hugeuza uso ukiinua kamera.

Nikiwa kijana mpiga picha, niliamkia kijijini Isongole, juu milimani, nikakuta shamba zima la viazi limeganda, jeupe, nikasahau hata kupumua. Nikaanza kupiga picha. Mama mwenye shamba akasema, "Mwanangu, viazi vyangu vimeungua, nawe hujanipa hata pole."

Nikaweka kamera chini. Tukachimba vilivyosalimika mpaka jua likawa kali, ndipo akaniambia, "Sasa piga."

Ndiyo ile picha yake iliyotundikwa sebuleni kwetu. Weupe wote ulikuwa umeshayeyuka, lakini baridi ya asubuhi ile imo machoni mwake mpaka leo.

Babu yako